Shairi la Mama na Bakuli la Kahawa

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye simu, arusini, hata kwenye foleni ya duka la dawa: Zuwena, ulifuata nini Ufaransa peke yako, na umri huo? Kila aliyeuliza nimempa kipande, na sasa vipande vimeanza kupingana, maana Khalfan mume wangu naye anasimulia safari ambayo hakwenda. Basi naiandika mara moja, kituo kwa kituo. Habari za viza na tiketi naziruka; zinanichosha hata mimi niliyezishughulikia.

Al Amerat, kabla ya kuondoka

Mama yangu amepita miaka themanini, nasi tunakaa naye Al Amerat, kando ya Maskati. Alizaliwa Unguja, akaolewa Bujumbura ambako baba alikuwa na duka la vitambaa, na huko ndiko nilikozaliwa mimi na kufundishwa Kifaransa na masista. Nilipokuwa na miaka minane tukahamia Maskati. Mama alikuja na sufuria zake, mbuzi yake ya kukunia nazi, na Kifaransa cha sokoni, cha kununulia na kugombezea.

Kifaransa hicho ndicho kilichompatia rafiki. Nyumba tuliyopanga mtaa wa Qurum ilikuwa nyuma ya jumba la mhandisi wa Kifaransa. Mkewe, Odile, alikuwa bado kijana, hana mtoto wala kazi, anashinda akiandika kwenye daftari. Siku moja akamsikia Mama akimgombeza muuza samaki kwa Kifaransa, kwa kuwa Mama akikasirika ndiyo lugha inayomtoka. Odile akaja kugonga mlango. Tangu hapo kila Jumanne alikula kwetu, kwa miaka mitatu, na sisi watoto tukamwita Bi Odile.

Aliporudi kwao alitoa kitabu chake cha kwanza, mashairi arubaini ya Maskati. Moja linaitwa "Jikoni, Jumanne". Ndani yake mwanamke anakuna nazi, mlango uko wazi, naye anaimba kama mtu aliyeshiba usingizi. Mwanamke huyo ni Mama. Mama hawezi kukisoma kitabu, lakini anakiweka kabatini pamoja na pasipoti. Mgeni akija hutolewa, nami huitwa kutafsiri.

Mwaka huu Bi Odile aliniandikia kwamba anatoa kitabu cha mwisho, mashairi ya maisha yake yote kwa chaguo lake mwenyewe, akaambatisha orodha ya yaliyomo. Nikamsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

"Langu halimo?"

"Halimo, Mama."

Kesho yake, tukichambua mchele, ndipo akaniuliza. "Zuwena, nimemkosa nini mtu yule? Miaka yote hii nnajua nimo kitabuni. Leo kanitoa. Mtu hatolewi hivi hivi."

Nikamwambia nitapiga simu. Akakataa kabisa. "Jambo hili haliulizwi kwa simu. Nenda kamtazame usoni. Kama nimemkosa, nimuombe radhi ningali hai. Mie sitaki kuondoka duniani na kinyongo cha mtu."

Kitabu kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa mwezi. Nilikuwa na wiki tatu.

Khalfan alinipeleka uwanjani. Tulipokuwa tunavuka mlima kushuka mjini akaanza. "Wallahi, watu wanakwenda Ulaya kwa matibabu au kwa biashara. Weye unakwenda kwa mistari kumi na miwili."

"Kumi na minne," nikamwambia.

Uwanja wa ndege wa Maskati, saa tano zaidi ya ilivyotakiwa

Ndege ilichelewa. Hawakutuambia sababu, walitupa maji na biskuti. Nilikaa na mkoba wangu magotini: mkebe wa halwa, malimau makavu, karafuu, na mikate ya ufuta ambayo Mama aliifunga kama vile Ufaransa kuna njaa.

"Auntie, hii kiti iko na mtu?"

Alikuwa dada wa Kikenya, Nyambura, anayefanya kazi saluni moja huko Qurum. Alikuwa anakwenda livu kwao Nakuru baada ya miaka mitatu, na ndege yake nayo ilikuwa imesogezwa. Nikamkatia mkate. Yeye alifumba macho akaomba, mimi nikasema bismillahi, tukala. Akaniuliza ninakokwenda, nikamsimulia yote. Mtu usiyetarajia kumwona tena ni rahisi kumwambia mambo.

"Ngoja. Unatoka hapa mpaka Ufaransa kumuuliza swali moja?"

"Ndiyo."

"Na utamuuliza siku ya kwanza?"

"La. Siku ya kwanza ni salamu."

"Ya pili?"

"Itategemea."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Nyinyi watu! Madam wangu pia ako hivyo. Akitaka nifanye kazi Ijumaa, anaanza kuniuliza mama yangu anaendelea aje. Si umuulize tu straight?"

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovunjiana heshima. Niliieleza kwa urefu, kwa sauti ya mwalimu mstaafu, ambayo ndiyo niliyo nayo. Akanisikiliza kwa adabu, akachukua kipande kingine cha mkate.

Paris, kwa kupita tu

Paris niliyoiona ni korido, ngazi na mwanamume wa forodha. Aliufungua mkebe wa halwa, akaichoma kwa kijiti, kijiti kikanasa. Akaniuliza kama ni gundi. Nikamwambia ni chakula cha wageni. Hakuamini. Ikabidi niile mbele yake, kijiko kizima, bila kahawa, nikiwa nimesimama. Akamwita mwenzake aone. Mwenzake akaomba kuonja, na baada ya hapo nikaruhusiwa kupita, mkebe ukiwa umepungua.

Treni ya kwenda magharibi ilifutwa kwa sababu ya mgomo, na iliyofuata ilijaa watu wa treni mbili. Nilikaa mkabala na mzee mwenye mbwa ndani ya kikapu. Alinikatia nusu ya mkate wake, na mkate ulikuwa na nyama ya nguruwe. Nikakataa kwa upole, akanuna, akageukia dirisha. Baada ya kituo kimoja akanigeukia tena, akautazama ushungi wangu, akajipiga paji la uso. Akatoa nyama akampa mbwa, akanipa jibini peke yake. Nikampa halwa, naye akaila bila kuuliza maswali.

Nilipomtajia kijiji ninachokwenda akaacha kutafuna. "Kwa yule mhariri? Anayekata?"

Kumbe alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na zamani aliwahi kumpelekea Bi Odile mswada wa mashairi. Alinieleza anavyofanya kazi. Hakupi barua ya maoni. Anakuita nyumbani kwake, anakuketisha mezani na kukwambia usome kwa sauti, shairi baada ya shairi, yeye akiwa na penseli. Pale sauti yako inapojificha, anatia nukta. Ukimaliza anakuuliza nini kiko chini ya kila nukta. Usipoweza kumjibu, shairi linatoka.

"Nilikwenda na mashairi sitini," alisema. "Nilitoka na manne. Hayo manne ndiyo mazuri pekee niliyowahi kuandika, na mpaka leo sijamsamehe."

Nyumba ya tanuri

Kutoka stesheni ndogo nilipanda basi ambalo dereva wake alisimama njiani kununua mayai, na abiria wote wakaona sawa. Bi Odile alinipokea kituoni. Nilimkumbuka mrefu, sasa amepinda, nywele nyeupe kabisa, amevaa viatu vya bustani. Akanishika mashavu na neno la kwanza alilosema lilikuwa la Kiswahili: "Karibu." La pili lilikuwa la Kifaransa: Mama hajambo?

Anaishi katika nyumba iliyokuwa ya muoka mikate. Tanuri bado lipo, na ndani yake amepanga vitabu, kwa kuwa ni mahali pakavu. Mume wake alifariki zamani. Tangu hapo amechapisha vitabu vya watu wengine, vyembamba, viwili au vitatu kwa mwaka, vilivyoshonwa kwa uzi. Waandishi aliowatoa yeye wengine wana majina makubwa sasa, lakini hawataji mbele ya mgeni. Vya kwake ni vitano tu. Baada ya kile cha Maskati alitoa cha ujane, ambacho hakina neno "kifo" hata mara moja. Kisha kimoja cha stesheni za treni, kimoja cha mwandiko wa mama yake, na cha tano ambacho ni majina ya mimea ya bustani yake na saa yalipofunguka maua yake. Hicho cha tano sikukipenda, na nilimwambia. Alisema hata yeye, ila alikuwa amekwisha kukishona.

Jambo la kujua kuhusu vitabu vyake ni kwamba vinapungua. Kila kikichapishwa upya anatoa mashairi mengine. Cha Maskati kilianza na arubaini, kikaja thelathini na moja, kikaja ishirini. "Jikoni, Jumanne" lilivuka mara zote hizo. Sasa tu ndipo lilipotoka.

Chakula kilikuwa supu ya vitunguu virefu vya kijani, mkate, siagi ya chumvi na sadini za kopo. Alikumbuka nisichokula, na kwa kuogopa kukosea akanipa sadini siku tatu mfululizo, mchana na jioni. Sikulalamika. Mgeni halalamiki.

Bakuli

Hapa ndipo wengi wenu mlipocheka mliposikia vipande, kwa hiyo nitaeleza pole pole.

Watu wa Khalfan walipokuja kuniposa, mimi na Mama tulikaa nyuma ya mlango tukisikiliza. Wageni walimiminiwa kahawa. Msemaji wao, ammi yake Khalfan, ndugu wa baba yake, akakiweka kifinjani chake chini bila kuionja, na wengine wote wakaweka vyao. Mjomba wangu akauliza kulikoni. Wakasema hawanywi mpaka wapate walichojia. Hapo mjomba akasema, "Kunyweni kahawa yenu," na Mama akanibana mkono, maana hapo ndipo nilipoolewa. Maneno mengine yote ya siku ile yalikuwa mapambo.

Basi asubuhi ya kwanza Bi Odile aliponimiminia kahawa, nikaona hiyo ndiyo njia ya heshima. Atauliza kwa nini sinywi, nami nitasema. Kwao kahawa ya asubuhi huwekwa kwenye bakuli, bakuli hasa, la kutosha kunawia mikono. Nikalisogeza mbele kidogo nikaweka mikono mapajani.

Akalitazama. Akalichukua, akalimwaga kwenye sinki, akaniletea lenye maziwa.

Nikaliacha. Siku ya pili akatia sukari. Nikaliacha. Siku ya tatu akaniletea majani ya bustani yamechemshwa, yenye harufu ya dawa ya kikohozi, akaniomba radhi kwa kutokumbuka kwamba sinywi kahawa. Mimi, ambaye tangu nina miaka kumi na mitano sijapitisha asubuhi bila kahawa! Kichwa kilikuwa kinapiga ngoma. Yeye alikuwa ameishi Maskati miaka mitatu, lakini alikaa jikoni na wanawake, na mambo haya hufanywa barazani na wanaume. Hakuwahi kuyaona. Nami sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyeyajua. Nikamkumbuka Nyambura.

Siku ya nne nikasema. "Bi Odile, mimi naipenda kahawa kuliko wewe. Nimeiacha kwa sababu nina ombi." Nikamweleza desturi yote, mpaka mlango na mkono uliobanwa.

Alicheka vizuri, kisha kicheko kikakatika. Hakuuliza ombi gani. Alinimiminia kahawa mpya, akaiweka mbele yangu, akaenda kuchukua penseli na nakala yake ya shairi kwa Kifaransa.

"Umelitafsiri, si ndiyo? Lisome."

Nikatoa karatasi yangu nikasoma "Jikoni, Jumanne" kwa Kiswahili. Hajui Kiswahili cha kutosha. Alikuwa anasikiliza sauti tu. Nilisoma mistari ile kumi na minne ambayo nimeisoma mbele ya wageni labda mara mia. Alitia nukta moja. Akageuza karatasi nione. Ilikuwa pale pa "anaimba kama mtu aliyeshiba usingizi".

"Kuna nini hapo?" akaniuliza.

Niliitazama nukta. Akafungua mtoto wa meza akatoa barua, na mwandiko ulikuwa wangu.

Miaka miwili nyuma nilimwandikia kumshukuru kwa kitabu. Nilitaka kujionyesha kwamba mimi ni msomaji makini, nikaongeza aya moja: kwamba wimbo ule wa jikoni hunishangaza, kwa kuwa miezi miwili kabla hatujajuana naye tulimzika mdogo wangu Suleiman, aliyeishi siku kumi na tisa, na nyumba yetu mwaka ule ilikuwa na huzuni. Aya moja. Niliiandika nikasahau. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Aliyemtoa Mama kitabuni ni mimi.

"Nilikula chakula chake miaka mitatu," alisema Bi Odile. "Alikuwa amezika mtoto, na mimi nikaandika kwamba ameshiba usingizi. Maisha yangu yote nimewaambia watu watoe kile wasichokijua. Langu nitaliachaje?"

"Mama anadhani amekukosa. Anataka kukuomba radhi."

Hapo alikaa chini. Alikunja barua, akaikunjua. "Yeye aniombe mimi?"

"Lirudishe, Bi Odile."

"Siwezi kurudisha uongo, Zuwena. Hata kwa ajili yake."

Nililitazama bakuli. Moshi ulikuwa bado unatoka. Sikunywa, na safari hii hakulimwaga. Nilipoondoka kesho yake kwenda kupanda basi lilikuwa bado mezani, kahawa imefanya utando juu, na sote wawili tulilipita bila kulitazama.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuchelewa popote, na hilo lilinikera, kwa sababu nilitaka muda wa kutunga la kumwambia Mama. Angani nilitunga mambo matatu. La kwanza, kwamba kurasa hazikutosha. La pili, kwamba ni kosa la mchapaji. La tatu nimelisahau.

Khalfan alinipokea na samaki wabichi kutoka pwani ya Yiti ndani ya gari, akaniambia gari zima linanuka kwa ajili yangu. Tulipofika Al Amerat Mama alikuwa jikoni, kwenye kiti chake kifupi. Hakuuliza kitu. Alinisalimia, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza kama kule kuna baridi. Nikaelewa kwamba ananipa siku zangu tatu, na kwamba yeye hana siku tatu za kungoja. Nikamwambia yote aliyosema Bi Odile palepale, pamoja na barua yangu.

Alivuta kiti chake karibu. Kisha akasema, "Kakwambia nilikuwa na huzuni, kwa hivyo sikuimba?"

"Kasema aliandika asichokijua. Mie ndiye niliyemwambia habari za Suleiman, Mama. Nisamehe."

"Umemwambia nusu," akasema. "Hukumwambia yote."

"Yote yapi?"

"Mwaka ule, mwanangu, kila aliyeingia mlango ule akinitazama usoni kama mgonjwa. Mashoga zangu, shangazi zako, baba yako. Wakizungumza kwa sauti ya chini. Wakinificha watoto wao wachanga. Yeye peke yake hakujua. Anakuja anakula, anaomba aongezwe, anacheka nnavyosema Kifaransa. Jumatatu usiku nnalala, kwa kuwa kesho yake Jumanne. Siku sita nilikuwa mama wa maiti. Jumanne nilikuwa mtu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nikiimba kweli. Nipigie simu kwake."

Sikumkumbusha alichosema kuhusu simu.

Bi Odile alipokea upande wa pili, nikafungua sauti, nikaiweka simu kwenye meza kati ya vitunguu. Mama aliinama juu yake akasema kwa nguvu, kwa Kifaransa chake cha sokoni, ambacho nakitafsiri kama kilivyo:

"Odile. Mimi, Mama Zuwena. Jumanne wewe unakuja, mimi furaha. Siku nyingine, hapana. Jumanne, ndiyo. Naimba. Wewe umeandika sawa. Rudisha."

Nikasikia kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya mawe, kule.

"Zuwena yupo hapo?" ilisema sauti ya Bi Odile.

"Yupo," akajibu Mama.

"Mwambie anywe kahawa yake."

Mama aligeuka kunitazama. Habari za bakuli sikuwa nimemsimulia, lakini maneno yale aliyajua. Tuliyasikia pamoja nyuma ya mlango. Alinibana mkono palepale alipoubana siku ile, nami nikalia, sioni haya kuwaambia.

"Sasa umekaa nini?" akasema Mama. "Teleka maji."